Ua wa Yared

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa kumi na mbili kasorobo jioni, nilihesabu machipukizi kumi na moja nyuma ya nyumba ya marehemu baba yangu mdogo, Yared, kijijini Malolo. Yalianzia kwenye kaburi lake, yakaja kwa mstari mmoja hadi chini ya dirisha la chumba alicholala mjane wake.

Nilikuwa nimetoka Morogoro, ninakofanya kazi redioni, nikapitia Mikumi kununua sururu. Hiyo ndiyo kazi niliyoagizwa.

Yared alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya watalii. Miaka sita kabla ya kufa alileta nyumbani vipandikizi vya kichaka chenye majani ya zambarau na miiba myembamba kama sindano, akazungushia nyumba. Watu walikipenda, wakaomba. Aliwanyima. Alisema kijiti kikigusa udongo kinashika, na ndege wakila matunda yake mekundu, kijiji kizima kitafyeka miiba. Matunda aliyachuma yote. Kila Jumamosi jioni aliukata ua kwa mkasi, akaanika matawi juu ya bati lililolazwa nyuma ya nyumba, na yakikauka akayachoma.

Alifariki Januari. Kwetu kaburi bichi hufunikwa kwa miiba, fisi wa mbugani wasilifukue. Miiba ya karibu ilikuwa ya ua wake.

Niliikata mimi.

Kisha masika ikanyesha.

Mama mdogo Odilia aliniitikia shikamoo yangu bila kuniangalia. Aliniambia kwamba kila Jumamosi jioni alisikia mkasi ukifanya kazi nje. Asubuhi ua ulikuwa umenyooka. Mkasi wenyewe ulikuwa ndani, umening'inia kwenye msumari wake. Na kila wiki chipukizi moja jipya lilitokea, karibu zaidi na dirisha. Binti yake, Happiness, alikuwa akimbembeleza ahamie kwake Kilangali. Alikataa.

"Nikiondoka kabla kichaka hiki hakijang'oka kitanifuata," alisema. "Andika hivyo, wewe mtu wa redio. Au andika mama yako mdogo karukwa na akili."

Nilichukua sururu, nikatoka nje.

Jirani yetu, Kondo, alikuja na jembe. Alisema amechimba makaburi mengi, ila ya watu waliokwisha kuacha kulima. Hakuna aliyecheka. Odilia hakutaka kaburi liguswe, kwa hiyo tulianzia dirishani. Mzizi ulionekana mapema. Tulipoukwaruza, ndani ulikuwa wa njano. Kondo alisema mzizi hunenepa unapokaribia shina lake, basi huu utanenepa kuelekea kaburini.

Tuliufuata hatua tatu.

Ulizidi kuwa mwembamba...

Kondo aliacha utani. Tukageuka. Upande wa nyumba mzizi ulikuwa mnene kama kifundo cha mkono. Ulipita chini ya ukuta. Ulikuwa unatoka chumbani.

Sakafu ya chumba ilikuwa ya udongo. Tulisogeza kitanda. Kondo alipiga sururu mara nne, kisha akaendelea kwa mikono. Ilipanda harufu ya majani yaliyokatwa muda huo huo. Chini palikuwa na kipandikizi cha zamani, kimefungwa kitambaa. Odilia alikitambua kitambaa. Ni pindo la kanga yake, lililokatwa mwaka ule ua ulipopandwa. Siku zote alikuwa akiwasingizia panya.

Kondo alisema watu huzindika nyumba zao, si jambo la ajabu. Lakini zindiko la nyumba hukaa mlangoni.

"Na hili?" niliuliza.

"Hili ni la mtu," alinong'ona.

Odilia alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikitazama kile kitambaa kwa muda.

"Kata."

Nilishusha mkasi msumarini. Nikakata.

Kacha.

Na nje, upande wa ua...

Kacha.

Mara moja tu. Kondo alitoka na tochi, akazunguka nyumba, akarudi. Hakuona mtu.

Mzizi na machipukizi tuliyang'oa, tukayachoma juu ya bati la Yared. Ya kaburini tuliyakata juu ya ardhi tu. Odilia hakuruhusu zaidi. Kesho yake alihamia Kilangali. Mkasi niliuchukua mimi. Uko kwangu Morogoro, kwenye droo yenye ufunguo.

Jumamosi tarehe 18, Kondo alipita kwenye ile nyumba tupu. Alinipigia simu. Ua ulikuwa umekatwa, umenyooka. Matawi yalikuwa yameanikwa juu ya bati.

Nilimweleza Odilia. Aliuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo.

"Basi yuko huko," alisema. "Leo nitalala."

Ikawa ndiyo kawaida yetu. Kila Jumamosi jioni Kondo alikwenda kuangalia, nami nikampigia Odilia. Tarehe 25, umekatwa. Tarehe mosi Juni, umekatwa. Tarehe 8, umekatwa. Happiness aliniambia mama yake ameanza kula vizuri, na anaoka mikate.

Jumamosi, tarehe 15 Juni, Kondo alipiga saa moja kasoro dakika kumi jioni. Alisema alikuwa amezunguka nyumba mara mbili. Ua ulikuwa umeota ovyo. Bati lilikuwa tupu.

Kati ya saa moja na saa mbili, Odilia alinipigia mara tatu. Sikupokea.