Komeo na Mizani ya Ghalani

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo, walio macho na wanaosinzia darasani, kwamba bweni letu lilijaliwa mlinda lango hodari kuliko wote duniani. Dunia inayosemwa hapa inaanzia geti la shule na kuishia nyuma ya jiko, lakini ni dunia hata hivyo. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwenye mabega mapana na mapaja imara, na kwa kuwa mpira ulikuwa haumpiti, tulimwita Komeo.

Siku zake zilikwenda kwa kengele. Ya kwanza, anatandika kitanda. Ya pili, anafagia veranda. Ya tatu, anakunywa uji vikombe viwili. Jioni alijirusha uwanjani mpaka magoti yakabadilika rangi, maana Jumamosi kulikuwa na mechi dhidi ya shule jirani iliyotufunga mwaka uliopita, na yeye hakuwa na habari nyingine.

Jumatatu muuguzi wa shule alitaka kutupima uzito. Mizani yake ilikuwa imeharibika, akaazima ile ya ghalani ya kupimia magunia ya maharage, yenye sahani pana ya chuma chini. Tukapanga foleni. Komeo alipopanda, mshale ukaruka, na kiranja akasoma kwa sauti: kilo sitini na mbili.

"Gunia hilo lishoneni mdomo, lirudi ghalani," ikasema sauti moja nyuma yake.

Foleni nzima ikavunjika mbavu. Komeo naye akacheka, kwa kuwa ukionyesha hasira ndipo jina linaganda. Lakini jioni hiyo alisukuma sahani yake kwa jirani yake wa mezani, akisema ameshiba. Jirani akaivuta kwake. Aliisafisha sahani mpaka ikang'aa.

Jumanne Komeo hakugusa uji. Jumatano aliacha na chakula cha mchana, akajaza tumbo maji, nalo likamjibu kwa kunguruma katikati ya somo la hesabu. Kila kitu kilimkera: vicheko, kengele, harufu ya vitunguu kutoka jikoni, hata sketi yake, ambayo juzi ilikuwa sketi tu na sasa aliona inambana makusudi. Alijitazama kwenye kioo cha dirisha akaorodhesha makosa yake: mabega, mapaja, mikono. Vitu vile vile vilivyokuwa vikizuia mipira.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba taabu yote hiyo haikuzaa kitu. Mapaja yalibaki pale pale. Nguvu ndizo zilizokonda. Mazoezini jioni hiyo alifungwa mabao manne, moja likimpita katikati ya miguu polepole kama mgeni anayetafuta mlango. Mwalimu wa michezo akamwambia kwamba akiendelea hivyo, Jumamosi langoni atasimama mwingine. Komeo akatupa glavu chini, akageuka aondoke, uwanja ukamzunguka, akaanguka kitako kwenye nyasi.

Mpishi mkuu, tuliyemwita Mama Upawa, aliona yote kutoka dirisha la jikoni. Akaja, akamshika mkono, akampeleka chumba cha dawa.

"Umekula nini leo, mwanangu?" muuguzi akauliza.

"Nimeshiba."

"Ameshiba hewa," akasema Mama Upawa. "Siku ya tatu hii simwoni akila vizuri."

Komeo akalia kwa hasira na kueleza yote: kilo, gunia, sketi. Muuguzi akafungua daftari, akakunja uso. Akampandisha tena kwenye mizani ile ile, akaufunika mshale kwa mkono, akausoma peke yake.

"Jumatatu kuna mtu alikanyaga hii sahani," akasema. "Namba ile haikuwa yako."

"Kwa hiyo mimi si mnene?"

"Namba yako sikutajii. Umeacha kula kwa ajili ya namba, sitaki uanze kula kwa ajili ya namba. Hata kilo zile zingekuwa za kweli, leo ungestahili chakula kama kila mtu. Mwili wako unarefuka, unajenga mifupa, unaruka. Si gunia la kupimwa ili lipangiwe bei. Ulishe, upumzishe, kisha utume kazi. Na anayeucheka, kasoro ni yake."

Mama Upawa akaleta wali na maharage. Komeo alikula polepole, bado amenuna. Ijumaa mikono yake ilikuwa imerudi, na Jumamosi ni bao moja tu lililompita. Sisi tulifunga mawili.

Kisa kingeishia hapo kwa heshima, lakini muuguzi alikuwa ameandika majina kwa mpangilio wa foleni. Kidole chake kiliteremka mstari mmoja chini ya jina la Komeo, kikasimama kwenye jina langu.

Mguu ulikuwa wangu. Sauti ilikuwa yangu. Na yule jirani wa mezani, kwa bahati mbaya, ni mimi pia. Mguu niliuona ni mzaha wa dakika moja. Maharage ndiyo yanayonikaba mpaka leo: nilimwona rafiki yangu hali chakula, nikaivuta sahani.

Nilipomwomba radhi mezani, aliivuta sahani yake karibu.

"Chakula changu usikiguse tena," akasema. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi, nipate pa kukaa.