Mende Aliyevuka Mpaka

Asubuhi kwao Kasuku ilianza na harufu. Kabla mtu hajamwambia "amka", harufu ya mkate wa moto ilikuwa imeshaingia dirishani, maana bekari ilikuwa mtaa wa pili tu, na mama yake ndiye aliyekuwa anakanda unga huko tangu kungali giza. Kasuku ananawa uso, anavaa sare, anakunywa chai akiwa amesimama, huyo, mbio! Jina la Kasuku hakupewa na wazazi. Alipewa na mtaa, kwa sababu ya mdomo. Mtoto huyo alikuwa na mdomo, jamani! Ukimpa neno moja anakurudishia matatu, tena yenye vina.

Akipita bekari alikuwa anachungulia mlango wa nyuma. Mama anainua mkono mweupe wa unga, na yeye anainua wake. Basi, siku imeanza.

Mwenye bekari, mwokaji mwenyewe, mtaa mzima ulimwita Mzee Tanuri. Alikuwa mkali huyo! Uso umekunjamana kama gunia tupu, kucheka hajui, lakini mikono safi kuliko ya daktari. Jioni moja mama alirudi nyumbani akicheka mpaka machozi.

"Leo kamwona mende mmoja, mmoja tu, nje huko uani kwenye pipa la taka. Ungedhani kaona simba! Kasimamisha kazi, kachemsha maji, tumesugua bekari nzima, mimi na yeye, mpaka mgongo hauninyooki." Kisha akanyanyua kidole. "Ya kazini hayo. Yaishie hapa ndani."

"Yameisha, mama," Kasuku akasema. Na kweli yangeisha, kama si mapumziko ya asubuhi ya siku moja ya shule.

Siku hiyo Kasuku aliwaongoza wenzake mpaka dirisha la bekari, kifua mbele. "Mama yangu yuko humu," akawaringia. "Vipande vilivyovunjika tunapewa bure. Nyie nyamazeni tu, mwone."

Mzee Tanuri akatoa kichwa. "Mama yako nimemwajiri akande unga," akasema. "Sikumbuki kumwajiri na mwanawe aje kuomba."

Wee! Kicheko kilichotoka hapo! Hata Sindano, rafiki yake wa chanda na pete, mwembamba mpaka upepo unamhurumia, alicheka akashika ukuta asianguke. Kasuku alirudi shuleni masikio yanawaka.

Mchana huo kulikuwa na somo la historia. Mwalimu wao alikuwa mama mmoja mpole ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Hapokale, kwa kuwa kila habari yake ilianza hivyo. "Hapo kale," alikuwa anasema, "watu waliteka miji kwa mikuki, lakini waliishikilia kwa hadithi. Wimbo mmoja uliweza kuwafanya majirani wachukiane mpaka wajukuu wao wakasahau sababu. Andikeni hilo: maneno ya watu ndiyo yanayoitengeneza dunia."

Kasuku hakuandika. Alikuwa anahesabu mizani ya wimbo kwa vidole chini ya deski.

Kengele ilipolia, akachukua kamba, akawapa Sindano na mwenzake waizungushe, akaingia katikati akiruka na kuimba:

*Mwokaji, mwokaji, umeoka nini?*
*Nimeoka mende, yumo mkateni!*
*Ukila kimoja, utalala chini,*
*Ukila cha pili, hospitalini!*

Mnajua wimbo unavyoshika? Huu ulishika kama moto kwenye nyasi kavu. Ulikuwa unaruka wenyewe! Kila kamba ya uwanjani ikauimba, ukatoka na watoto getini, ukaingia nao majumbani. Kasuku akatembea kama ana mabawa. Watu walikuwa wanaimba maneno yake! Yeye!

Baada ya siku chache mama alianza kurudi na mikate. Mwanzoni miwili. Halafu mfuko. Halafu mifuko.

"Haijanunuliwa," alisema, akikaa kitako bila kuvua viatu. "Hata wateja wa zamani. Mama mmoja kaja dirishani, kashika mkate, kaugeuzageuza, kaupasua hapohapo akachungulia ndani. Kisha kaurudisha. Uliopasuka."

 Sokoni Kasuku aliusikia wimbo wake kwa muuza nyanya, mtu mzima, anauimba huku anapanga mafungu. Hakuwa anawaza hata kidogo. Midomo tu ilikuwa inaenda.

Kisha siku moja Kasuku alitoka shule akamkuta mama yuko nyumbani, saa ambayo hakuwahi kuwa nyumbani. Amekaa kitandani, aproni iko mapajani, imekunjwa vizuri.

"Amenifukuza," mama akasema. "Anasema mende yule tulimwona sisi wawili tu. Yeye hakusema. Kwa hiyo ni mimi. Mimi, mwanangu! Nimekula chumvi yake miaka yote hii, leo naambiwa nimemchimbia kaburi." Akaifungua aproni, akaikunja tena. "Na mbaya zaidi najua sikumwambia mtu wa nje. Nikimwambia, haniamini. Hata mimi ningekuwa yeye nisingeniamini."

Mnadhani Kasuku alisema hapo? Hakusema. Ule mdomo, mdomo unaorudisha matatu, siku hiyo ulikuwa umekauka kama kokwa. Alijiambia: nikiuzima wimbo, kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa, na hakuna atakayejua.

Akaanza kuuzima. Aliwasihi wenzake uwanjani, "Tuimbe mwingine, huu umechosha." Wakamwambia, "Umekuchosha wewe." Alimnyang'anya mtoto wa darasa la pili kamba, mtoto akalia, Kasuku akaitwa mwonevu. Akamwambia mwalimu mkuu kwamba kuna wimbo mbaya, bila kusema umetoka wapi. Mwalimu mkuu akakasirika kweli, akasimama mstarini asubuhi na kipaza sauti.

"Kuanzia leo ni marufuku kuimba kwamba mwokaji ameoka mende! Ni marufuku kusema yumo mkateni! Ni marufuku kusema ukila kimoja utalala chini!"

Akausoma wote, jamani! Kwa kipaza sauti! Darasa la kwanza walikuwa bado hawaujui, wakaushika hapohapo. Kasuku alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na kipaza sauti pamoja.

Nyumbani chakula kilikuwa kinapungua sahanini. Mama alizunguka mji kutafuta kazi ya kukanda, ya kufua, yoyote, lakini habari ilikuwa imemtangulia: huyu ndiye aliyemsaliti tajiri wake. Kila mlango aliobisha ulikuwa umeshasikia.

Jumapili alasiri simu ya mama ikalia. Alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama, aliyeolewa nchi jirani, huko ng'ambo ya mpaka. Walisalimiana, kisha binti yake mdogo akanyakua simu. "Mama mkubwa! Niwekee sauti kubwa dada naye asikie! Nawaimbia wimbo mpya wa huku kwetu!" Na sauti ndogo, nyembamba, ya furaha, ikajaa chumbani:

*Mwokaji, mwokaji, umeoka nini?*
*Nimeoka panya, yumo mkateni!*

Mende alikuwa ameshavuka mpaka, na njiani amekua, akawa panya.

Mama aliiweka simu kitandani taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Hata huko?" akanong'ona. "Nitakwenda wapi basi? Nitakwenda wapi?" Akajifunika uso kwa ile aproni.

Kasuku hakuwahi kumwona mama yake akilia vile.  Akaanguka sakafuni, akamshika miguu.

"Ni mimi, mama. Ni mimi niliutunga. Mzee Tanuri aliniaibisha dirishani, nikamtia yule mende uliyenihadithia. Nilitaka achekwe mtu mwingine, si mimi. Mama, nisamehe, mama!"

  Mama akasimama, akavaa viatu.

"Inuka. Maneno hayo si ya kuniambia mimi peke yangu."

Bekari ilikuwa baridi. Hilo ndilo lililomtisha Kasuku kuliko yote: mahali palipokuwa joto tangu azaliwe, sasa pamepoa kama chumba cha mgeni aliyeondoka. Mzee Tanuri alikuwa amekaa juu ya gunia, mikono yake safi haina kazi.

Kasuku akasema yote, hata vipande vilivyovunjika. Alipomaliza, mzee hakumtazama yeye. Alimtazama mama.

"Nimekukosea," akasema, sauti ikikwaruza. "Nilikuona msaliti kumbe ni mtoto na kamba. Rudi kazini, mama. Lakini urudi kukanda nini? Nani atakula?" Ndipo akamgeukia Kasuku. "Na wewe, umekuja kuniomba msamaha. Haya, nimekusamehe. Tanuri limewaka?"

Halikuwaka. Kasuku alilia njia nzima.

Kesho yake alimtafuta Mwalimu Hapokale, akamweleza huku akivuta kamasi. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile nilisema maneno ya watu ndiyo yanayoitengeneza dunia," akasema. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mwalimu. Sikusikia. Nilikuwa natunga."

"Basi sasa umelisoma somo kwa ngozi yako. Ndivyo ilivyo, mwanangu. Hadithi za watu, nyimbo zao, historia waliyosimuliwa, hayo ndiyo yanayowaambia wamwamini nani na wamwogope nani. Leo mtaa, kesho nchi. Na neno likishatoka halirudi mdomoni. Mwalimu mkuu kajaribu kulifunga, umeona. Lakini wimbo unaweza kukimbizwa na wimbo mwenzake."

Kasuku akatunga. Wa kwanza ulimsifu Mzee Tanuri mwanzo mpaka mwisho: mwema, msafi, hodari. Sindano aliuruka mara mbili, akashusha kamba.

"Shoga, huu hauchezeki. Huu ni hotuba."

"Nifanyeje sasa, Sindano? Nifanyeje?"

"Ule wa kwanza ulikuwa unamcheka mtu," Sindano akasema, akijikuna. "Watu wanapenda kucheka mtu."

 Kasuku akajua ni nani wa kuchekwa. Alijua tangu mwanzo, ila alikuwa anamkwepa.

Kwanza alikwenda bekari na ombi: mlango uachwe wazi, watoto waruhusiwe kuchungulia mpaka ndani kabisa. Mzee Tanuri akavimba. "Mnataka tanuri langu liwe sinema?" Mama Kasuku akamwambia, "Mzee, usafi wako tunaujua mimi na wewe tu. Siri hiyo ndiyo inayotuua." Mzee akaguna, akaguna tena, akaenda kuondoa komeo.

Kisha Kasuku akasimama mstarini, mbele ya shule nzima, akashika kipaza sauti kilekile, akasema wazi kwamba wimbo wa mende ni uongo na kwamba mwongo ni yeye. Kelele zilizopigwa! Katikati ya kelele hizo akaingia kwenye kamba, huku machozi yanamtiririka, akaimba:

*Mwokaji, mwokaji, umeoka nini?*
*Nimeoka ngano, chungulia ndani!*
*Mende yuko wapi? Yuko mdomoni*
*mwa Kasuku mwongo, aliyembuni!*

 Sindano akawa wa kwanza kucheka. Halafu shule nzima. Kufika mapumziko kila kamba ilikuwa inamcheka Kasuku.

Aliuma meno akavumilia. Njiani watoto wasiomjua walimwimbia usoni. Sokoni muuza nyanya alimwimbia bila kujua anamwimbia nani. Lakini kila aliyeuimba alifika kwenye "chungulia ndani", na aliyefika hapo alitaka kuchungulia! Watoto wakaenda, wakatoka na habari za sakafu inayong'aa. Mama zao wakafuata. Mzee Tanuri aliwafokea wafute viatu kabla ya kukanyaga, na kufoka kwake ndiko kulikowashawishi kuliko kitu chochote. Siku moja Kasuku aliamka, na kabla mtu hajamwambia "amka", harufu ilikuwa dirishani.

Si wateja wote waliorudi. Wengine mpaka leo wanapasua mkate kabla ya kuula.

Jumapili moja simu ikalia tena. "Dada!" yule binti wa mama mdogo akapiga kelele. "Wa panya tumeuacha, kuna mpya! Kuna mtu anaitwa Kasuku mwongo! Dada, ni mtu kweli?"

Kasuku akamtazama mama. Angeweza kusema hapana. Mpaka uko mbali.

"Ni mtu kweli," akasema. "Ni mimi."

Huko simuni akasikika akiita, "Mama! Mama! Dada yumo kwenye wimbo!"

Mama akacheka, kicheko cha kwanza tangu siku ya aproni. Akamvuta binti yake, akamkalisha karibu.

"Mdomo wako ni hamira, mwanangu. Unatia kiasi cha kijiko, donge zima linaumuka, na ukishaitia huwezi kuitoa tena. Hamira haina kosa. Ila mkandaji, kabla hajaitia, ajiulize: mkate huu, nikipewa mimi, nitaula?"