Mkono Usiosikia Moto

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alipanga mikate. Baba yake, mwokaji, alitoa trei tanurini na kuziweka mezani zipoe. Shangazi yake alikanda unga wa mzunguko unaofuata. Chiriku aliichukua mikate na kuipanga kwenye rafu za mbele, ambako mama yake aliwauzia wateja. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kilichochosha watu ni maneno yake. Aliongea na wateja, aliongea na mizani, aliongea hata na mikate iliyopasuka juu, akiiuliza nani kaipiga. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini hata mwalimu wa darasa alikuwa amelisahau.

Muhula uliopita, jicho lake la kulia liliingia ukungu. Lilimuuma kila alipoligeuza, na rangi nyekundu aliiona imefifia kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Zahanati walimpa dawa ya matone. Baada ya muda ukungu ukaondoka wenyewe, siku chache tu baada ya mtihani wa hisabati.

"Ukungu wa hesabu huo!" shangazi alisema, mikono imejaa unga. "Mtihani umepita, jua limechomoza!"

Wote walicheka. Chiriku naye alicheka, tena kwa sauti kuliko wote. Lakini moyoni alikata shauri: siku nyingine likinipata jambo, nitakaa nalo mwenyewe.

Kwa hiyo vidole viwili vya mkono wa kushoto vilipoanza kufa ganzi, hakusema. Ganzi ilipanda hadi kwenye kiganja, kisha kwenye kifundo cha mkono. Ilikuwa kama amevaa glavu nene asiyoweza kuivua. Aliangusha kikombe, akasingizia sabuni. Aliangusha kingine, akanyamaza.

Asubuhi moja baba alitoka nje kupokea magunia ya unga. Kengele ya tanuri ikalia, na Chiriku akachukua vitambaa atoe trei mwenyewe. Alikuwa katikati ya chumba shangazi aliponusa.

"Nani anaunguza nini huko?" Kisha akapiga kelele: "Chiriku! Mkono!"

Kitambaa kilikuwa kimeteleza, na ubavu wa mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya chuma. Chiriku aliutazama mkono ule kama mtu anayetazama mkono wa jirani. Akaiweka trei mezani taratibu, bila kudondosha hata mkate mmoja.

Mama alikuja mbio, akamwekea mkono chini ya bomba la maji.

"Unauma sana?"

"Hapana."

"Mwanangu, ngozi imebabuka."

"Najua. Naiona."

Mama alifunga bomba kidogo, akamtazama usoni. "Tangu lini?"

"Muda."

"Mbona hukutuambia?"

Chiriku alimtupia shangazi jicho. "Mngesema ni mtihani."

Shangazi alikuwa bado na donge la unga mkononi. Akaliweka chini, akafuta mikono kwenye aproni, akaja. "Nilikucheka ulipokuwa unaumwa," alisema. "Nisamehe, mama." Kisha akamshika mkono ule mzima, asiuachie mpaka walipofika hospitali.

Hospitalini waliliangalia jeraha la moto kwanza, wakalifunga bandeji. Kisha wakawatuma kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mama mmoja mwenye sauti ndogo na kinyundo cha mpira. Alimgonga magoti. Alimwambia afumbe macho, akamgusa hapa na pale kwa pamba, akimuuliza, "Hapa je? Na hapa?" Akauliza pia habari za jicho, akazisikiliza zote bila kucheka. Siku nyingine Chiriku alilazwa ndani ya mashine ya sumaku, ambayo ilipiga kelele kama mafundi wanaoezeka mabati, ikapiga picha za ubongo wake.

Baadaye daktari aliwaita wote.

"Mishipa ya fahamu ndiyo inayopeleka habari kati ya ubongo na mwili," alisema. "Kila mshipa una ganda la kuulinda. Kwenye picha nimeona madoa machache, mahali ambapo ganda hilo limevimba na kuharibika. Ndiyo maana habari ya moto haikufika."

"Ni ugonjwa gani huo, daktari?" baba aliuliza.

"Inawezekana ni ule tunaouita MS, ambapo kinga ya mwili hushambulia mishipa yake yenyewe. Inawezekana pia ni jambo lililotokea mara moja tu, lisirudi. Leo siwezi kusema. Tutafanya vipimo vingine, na baada ya miezi kadhaa tutarudia picha. Hauambukizi. Haukuletwa na mtu, wala na kosa la mtu. Na kama ndio wenyewe, dawa za kuupunguza kasi zipo, na watu husoma na kufanya kazi wakiwa nao. Kosa ni kuuficha."

"Kweli kabisa," shangazi akadakia kwa mazoea. "Wahenga walisema, mficha maradhi..." Akakwama. Alikuwa amekumbuka methali inavyoishia.

Mama alitazama sakafu.

"Kifo humuumbua," Chiriku akaimalizia, kwa sauti ya mtu anayejibu swali darasani.

Alitundikiwa dripu ya dawa ya kutuliza uvimbe, na baada ya wiki kadhaa hisia zikaanza kurudi mkononi, nusu nusu. Lakini jibu halikuja, na nyumba nzima ikaanza kuishi kwa kunyata. Mama alimkatia nyama kama mtoto mchanga. Baba alimtazama kila alipopiga hatua, kisha akajifanya alikuwa anatazama mlango. Chiriku alikula, alisoma, alilala. Watu walimsifu kwamba ni jasiri. Hakuwa jasiri. Alipotafuta hofu ndani yake hakuikuta, na huzuni pia hakuikuta. Palikuwa kama chumba kilichohamwa.

Rafiki yake, aliyeitwa Goti kwa sababu magoti yake hayakukosa michubuko, ndiye pekee aliyeuliza wazi.

"Utakufa?"

"Daktari anasema ugonjwa wenyewe watu huishi nao miaka mingi. Kama ndio."

"Unaogopa?"

"Sisikii kitu."

"Mkononi?"

"Kote."

Goti alifikiri. "Basi ukianza kusikia, niambie," akasema, wakaendelea kula karanga.

Ikaja siku ya mdahalo na shule jirani. Chiriku alikuwa msemaji wa kwanza, na alikuwa amekariri hoja zake hadi shangazi naye akazijua. Asubuhi hiyo aliomba asimame karibu na tanuri kama zamani, afanye japo kazi moja ya kawaida. Baba alisita, akakubali. Joto lilikuwa kali. Kabla mikate haijaiva, ukungu ukarudi kwenye jicho la kulia, na vidole vya kushoto vikalala tena.

Alisimama pale akipima. Nje wateja walikuwa wamepanga foleni. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi. Akinyamaza, angefika kwenye mdahalo, maana kuongea hakuhitaji jicho wala kidole. Akisema, siku yote ingeishia hospitali, na huenda jibu baya likawa linamngoja huko.

"Baba," alisema. "Vimerudi. Jicho na mkono."

Baba hakuuliza kama ana hakika. Alivua aproni, akachukua funguo. "Twende."

"Mikate je?" mama aliita kutoka kaunta. Shangazi alikuwa hajafika.

"Iungue," alisema mwokaji ambaye watu walisema hajawahi kuunguza mkate. Mama akazima tanuri haraka, akawaomba radhi wateja, lakini mzunguko ule haukuokoka.

Walipofika hospitali, ukungu ulikuwa umeshapungua. Daktari alimpima kwa makini.

"Ulikuwa wapi ilipoanza?"

"Kwenye tanuri."

"Sidhani kama ni shambulio jipya," daktari alisema. "Joto kali huamsha dalili za zamani, zikapoa mwili unapopoa. Hatukujua kwamba nawe joto linakufanya hivi kabla hujatuambia. Kuanzia leo kaa mbali na tanuri, kunywa maji ya kutosha. Likija jambo lolote na lisiondoke, njooni siku hiyohiyo, kama mlivyofanya."

"Na jibu?" baba aliuliza.

"Bado. Tunangoja picha ya pili."

Mdahalo ulikuwa umekwisha. Goti, aliyeshika nafasi yake, aliwakuta langoni mwa hospitali, akihema. "Tumeshindwa," alisema. "Nilisahau hoja ya pili, nikarudia ya kwanza mara mbili. Majaji wakasema nina msimamo."

Chiriku akaangua kicheko. Lakini kicheko kilikuja na machozi, akalia kwa mara ya kwanza tangu aungue. Goti alimtazama kwa woga. "Si lazima ulie hivyo, mdahalo mwingine upo muhula ujao." Baba akamwambia atangulie nyumbani akamwambie mama wako salama.

Wakakaa kwenye benchi chini ya kivuli cha ukuta.

"Nimewaharibia siku," Chiriku alisema. "Mdahalo, na mikate yote."

"Mikate tutaoka mingine," baba alisema. "Sikiliza. Mwili wako ukikwambia kitu, kiseme, hata kama hukijui jina, hata kama kesho kitaonekana kidogo. Na sisi wakubwa mtoto akisema, kazi yetu ni kuamini kwanza, kucheka baadaye. Tulianza kinyume, ukaungua. Hilo ni somo letu sote."

Chiriku alikunja vidole vya kushoto, akavikunjua. Kimoja kilikuwa bado kizito.

"Na picha ya pili ikisema ndio wenyewe?"

Baba alikishika kile kidole kizito.

"Basi tutakuwa na jina la kuuita," alisema. "Kukutunza tumeshaanza bila jina."