Aliyebaki Nyuma Atufuate

Nyayo kwenye mchanga, mbele ya hoteli ya zamani, zilikuwa za watu watatu. Nao walikuwa wawili.

Mama Mwavuli aliziona, akapepesa macho, akajiambia ni jua. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Lakini msidhani mambo haya hungoja giza, jamani. Giza ni la wezi. Hawa wana saa yao, na saa yao ni hiyo hiyo ya mchana, watu wameshiba wamejilaza na barabara imenyamaza kimya.

Jina la Mwavuli alipewa kwa kazi yake. Alikuwa akiwatembeza wageni katika ule mji wa ufukweni, mji wa hoteli, maduka ya kofia na viti vya kukodi, na mwavuli wake mwekundu aliuinua juu ili wasimpoteze kwenye umati. Miaka kumi na moja. Alijua kila ngazi iliyomeguka. Na alikuwa na maneno yake mawili, yalimtoka yenyewe kama chafya. Akitoka mahali, huita: "Aliyebaki nyuma atufuate!" Na safari ikiisha, humshika mgeni mkono akasema: "Karibu tena."

Siku ile mgeni wake alikuwa mmoja tu, mwalimu mstaafu mwenye kamera shingoni na goti bovu, aliyetaka kutembezwa peke yake, polepole. Akaomba aone ile hoteli iliyofungwa, ambayo zamani bahari iliingia hadi vyumbani ikawachukua watu waliokuwa wamelala usingizi wa mchana. Walipita ubavuni. Wakaona ngazi, bwawa lililojaa mchanga, kaunta ya mapokezi na kengele yake bado iko juu. Walipogeuka kutoka, Mama Mwavuli, kwa mazoea tu, akainua mwavuli mlangoni akaita:

"Aliyebaki nyuma atufuate!"

Mwalimu akacheka. "Mama wee, unamwita nani? Tuko wawili tu."

"Ulimi huu, mwalimu. Umezoea makundi."

Ndani, kwenye kaunta, kengele ikalia. Ting. Mara moja.

"Upepo," akasema mwalimu, ila kicheko kilikuwa kimemkauka.

Ndipo nje Mama Mwavuli akaziona zile nyayo. Jozi mbili za viatu, kuingia na kutoka. Na jozi ya tatu, miguu mitupu, mirefu, kila unyayo umejaa maji. Hiyo ilikuwa imetoka. Kuingia haikuingia.

Nyumbani alimkuta mdogo wake anashona mapazia, cherehani inakimbia. Mama Mwavuli alikuwa mjane, na mdogo wake ndiye aliyemlelea binti yake wa miaka sita, waliyemwita Mapengo kwa meno ya mbele yaliyong'oka.

"Enhe, leo ulimtembeza nani?" mdogo mtu akachokoza. "Kijana au mzee? Au ndiyo umeshatupatia shemeji?"

"Shemeji gani, goti lenyewe halikunjiki."

"Goti si kitu, dada, utampaka dawa." Akacheka, kisha akanusa. "Mbona unanuka mwani? Na huo mwavuli unachuruzika maji. Mvua imekunyeshea wapi na jua hili?"

Mama Mwavuli akautazama mwavuli aliouegemeza pembeni. Chini yake palikuwa na dimbwi.

Mapengo akaja mbio kumkumbatia mama yake, akasimama njiani. Akatazama juu, juu zaidi, nyuma ya bega la mama.

"Mama, mgeni wako mbona hakai?"

"Mgeni gani?"

"Huyo. Hana viatu."

Cherehani ikanyamaza.

Tangu siku hiyo nyumba haikukauka. Kila mchana, watu wakijilaza, walisikia miguu mibichi ikipita ukumbini, pa, pa, pa, ikasimama mlangoni kwa mtoto. Mapengo akiamka, nywele zimelowa na kiganjani ameshika mchanga. Akauliza mambo ambayo hakufundishwa na mtu. "Mama, kwa nini vyumba vya chini vina samaki?" Mdogo mtu akawa hashoni tena, anakaa tu na mkasi mkononi.

Siku ya nne, saa saba, Mama Mwavuli alirudi kutoka kazini mapema akakuta mlango wazi na mdogo wake amelala kama aliyepigwa rungu, akatoka mbio hadi barabara ya ufukweni, na pale akamwona mtoto wake anatembea katikati ya jua kali, pasipo kivuli chochote cha mtu kando yake, mkono mmoja ameunyoosha juu kama mtoto anavyoshikwa na mtu mrefu sana, na vidole vyake, jamani, vilikuwa vimebonyea, vimebanwa na kitu, na maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kiganjani hadi kwapani.

Alimnyakua. Mapengo akalia kwa hasira.

"Niache! Ananitembeza! Amesema kwao kuna ngazi nyingi na kengele. Kesho tunafika."

Jioni ile ile walimfuata bibi mmoja mganga, ambaye ujana wake wote alikuwa dobi wa hoteli ile. Mashuka ya wale waliochukuliwa na maji aliyafua yeye. Alimnusa mtoto kichwani, akakunja uso.

"Ulimwitaje?" akauliza kwa sauti ya chini.

Mama Mwavuli akamwambia.

"Basi hukuingiliwa, mwanangu. Umealika. Umemfungulia safari na hujaifunga. Na wageni wako wakiondoka, huondoka na nini?"

"Na picha. Na kitu kidogo cha ukumbusho."

Akalisikia neno lake mwenyewe, akamvuta mtoto kifuani.

"Kesho saa saba umrudishe," bibi dobi akanong'ona. "Njia ile ile. Kila kituo usimame umweleze, kama unavyoeleza watu. Usigeuke. Mlangoni funga mwavuli, sema: 'Safari yetu imeishia hapa.' Uondoke. Neno la ziada usitie hata moja. Umenisikia? Hata moja. Mimi nitabaki na mtoto."

Kesho yake Mama Mwavuli alitembea na mwavuli juu, peke yake, watu wakimwona wakidhani jua limempanda, akieleza huku ni soko la zamani, huku ni mnara wa saa, huku walikuwa wakiuza barafu, na nyuma yake pa, pa, pa, akisimama inasimama, akiongeza mwendo inaongeza, na pumzi baridi yenye harufu ya mwani uliooza ikimgusa shingoni kila alipotaja jina la mahali, kama mtu aliyeinama asikie vizuri, na bado hakugeuka.

Mlangoni akafunga mwavuli.

"Safari yetu imeishia hapa."

Kisha kitu kirefu, kibichi, kikampita begani kikaingia ndani. Pa. Pa. Pa. Miguu ikavuka mapokezi, ikaanza kushuka ngazi, ikafifia. Hewa ikawa nyepesi. Akasikia ndege. Furaha ikamjaa mpaka machozi, moyo ukashuka mahali pake, na mdomo wake, ule mdomo wa miaka kumi na moja, ukafunguka wenyewe:

"Karibu tena."

Chini huko, miguu ikasimama.

Alikimbia hadi nyumbani bila kutazama nyuma. Ukumbi ulikuwa mkavu. Mapengo ameketi mkekani, nywele kavu, anakula kwa pupa, na mdogo mtu analia huku anacheka. Ubani ulikuwa unafuka katika chetezo cha bibi dobi.

"Umeyasema niliyokupa?" bibi akauliza.

"Nimeyasema."

"Hayo tu?"

Mama Mwavuli akafungua mdomo.

"Hapana, bibi," akasema Mapengo, mdomo umejaa chakula. "Alimwambia karibu tena. Na yeye amesema asante, atakuja."

Bibi dobi aliinuka polepole, akakimwagia maji chetezo chake, akaanza kutafuta viatu vyake.