Ubeti wa Mwisho

Duka la spika lilijaa wateja, lakini sauti ya mteja mmoja ilisikika hadi barabarani. Alikuwa kiongozi wa sifa kanisani, kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi likakubali, na alikuwa akijaribu maiki kwa wimbo mzima, beti zote.

"Kaka, unajaribu maiki au unatujaribu sisi?" akauliza fundi mitambo wa pale dukani, binti wa ovaroli ya buluu, kalamu kaichomeka kwenye nywele.

Kesho yake kijana akarudi kumwomba namba ya simu. Haukupita muda, binti akawa fundi wa kanisa lao, na simu zao zikawa hazina mwisho. Kila akimwita malkia wangu, binti alimuuliza ni malkia gani huyo anayebeba spika, na wote wakawa hoi kwa kicheko. Walishaanza kupanga ndoa.

Ila jamaa alipenda mno sauti yake mwenyewe. Binti alimsihi awaachie waumini ubeti wa mwisho. Sawa, mpenzi, alijibu, na Jumapili akazidisha.

Basi Jumapili moja, ubeti wa mwisho ulipoanza, binti, kule kwenye mitambo, akaishusha taratibu sauti ya maiki ya kijana. Kanisa likasikika likiimba. Kijana alichojua ni kwamba yeye hasikiki. Akaigonga maiki, akanyakua ya mpiga kinanda.

"Fundi wetu amesinzia, jamani. Tumwombee."

Watu wakacheka. Binti akampandishia sauti, akangoja ibada iishe, akakunja nyaya zote vizuri, akaondoka. Mwanamume akakaa wiki nzima akisubiri kuombwa radhi.

Ni mama yake aliyetaka kusikiliza rekodi ya ibada ile. Wakaketi sebuleni. Kwenye ubeti wa mwisho, karibu na jukwaa, ikatoka sauti ya kukwaruza ambayo mwanawe aliijua. Tangu wamzike baba, mama hakuwahi kuimba.

"Nilijikuta tu naimba, mwanangu," mama akasema. "Halafu ukagonga maiki."

Kijana akampigia binti simu.

"Nisamehe, mpenzi."

"Nilishakusamehe. Kila Jumapili nilimwona mama midomo inamcheza. Nikajua akipewa nafasi ataimba."

"Basi rudi."

"Sirudi. Umenidhalilisha mbele ya kanisa zima. Nyumbani, ambako hakuna wa kukuona, itakuwaje?"

Kijana bado alimpenda, na alijua amempoteza kwa mdomo wake mwenyewe.

Jumapili iliyofuata, ubeti wa mwisho ulipofika, alinyamaza, akaishusha maiki hadi kifuani. Watu wakaimba. Akamtazama mama yake pale mbele. Mama alikuwa ameukumbatia mkoba wake, midomo ameifunga.

Kule nyuma fundi mpya, mtu wa bidii, akadhani maiki ina hitilafu. Akaipandisha sauti hadi mwisho, na spika zikalitangazia kanisa zima kwikwi za kilio cha kiongozi wa sifa.