Mwanga wa Kijani Juu ya Msimbazi

Haya yalimkuta rafiki yangu Candida, muuza vitenge wa Kariakoo. Wiki ile jirani yake, Hamdiya, alikuwa ametuma kwenye kundi la mtaa picha ya mwanga wa kijani uliotanda angani, na watu wakammwagia sifa. Candida roho ilimuuma. Kila siku Hamdiya!

Jumamosi, baada ya magharibi, umeme ulikatika. Candida akapanda juu ya paa la ghorofa yao kuanua nguo, na huko akauona mwanga wenyewe, unapepea kama pazia. Majenereta ya Mtaa wa Msimbazi yakanyamaza yote kwa pamoja. Juu yake ikasikika sauti kama ya kitenge kinachochanwa polepole.

"Leo na mimi!" akasema. Akapiga picha moja, akaituma kundini kabla hata hajaitazama.

Hamdiya akapiga simu papo hapo.

"Umeiona?" Candida akamwuliza kwa majivuno. "Yako inaifikia hii?"

"Shoga, nani amekupiga picha hii?"

Candida akaifungua picha. Anga haikuwemo. Yalikuwemo mapaa ya Kariakoo, yote kijani, yameonekana kutoka juu sana. Na kwenye paa moja mwanamke mwenye nguo begani, ameinua simu, anamlenga mpigaji picha.