Ua la Mama Halifunguki

Foleni ilikuwa imetoka ndani ya duka la programu za kompyuta, ikashuka ngazi, ikafika hadi kwa muuza magazeti. Watu wote hao walikuwa wameletewa ujumbe mmoja asubuhi hiyo kwenye simu zao: programu yako imezeeka, lipia toleo jipya. Imezeeka! Mdarizi aliusoma mara tatu, na kila mara damu ilimchemka upya. Programu yenyewe, ya kuchorea maua ya kudarizi, ilikuwa na miaka minne tu. Mashine yake ya kudarizi ilikuwa na kumi na moja, na hakuna aliyewahi kuiambia imezeeka.

Alikuwa amevaa gauni la buluu lenye maua aliyoyadarizi mwenyewe kwenye mikono, na viatu vya chini, maana alijua atasimama. Hata hivyo, alipofika kaunta miguu ilikuwa imeshakufa ganzi. Mhudumu aliyempokea alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, lakini tai imelegea na uso umechoka. Alikuwa ametukanwa tangu duka lifunguliwe.

"Karibu, dada."

"Sijakaribia, nimeletwa. Hebu niambie, hilo jipya lina nini ambacho langu halina?"

Mhudumu akafungua kipeperushi. "Lina rangi milioni kumi na sita."

"Mashine yangu ina sindano sita."

Akageuza ukurasa. "Vitufe vimepangwa upya, vinavutia zaidi."

"Vya zamani nilivilalamikia lini?"

"Na pia..." Akasita, aibu ikampanda. "Kuna paka. Ukikosea anatokea kwenye kioo, anakuonyesha pa kubonyeza."

"Paka?"

"Paka, dada."

Wakatazamana. Kicheko kikawatoka wote wawili, mpaka meneja akachungulia kutoka ofisini kwake. Mhudumu akainama, akanong'ona, "Kwa kazi yako, usinunue. Nenda zako kadarizi." Mdarizi alishuka zile ngazi akitabasamu peke yake, na hasira yote aliyokuja nayo hakujua ilikopotelea.

Siku ya pili mhudumu akaja kwenye kibanda cha Mdarizi na shati, eti lidariziwe jina mfukoni. Kesho yake akaja na jingine. Lilipofika la saba, shangazi yake Mdarizi, aliyekuwa akishona vifungo pale pale, akavua miwani. "Huyu mashati yamemwishia. Sasa ataanza kuleta mashuka."

Ikawa ni simu kutwa.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umetukanwa?"

"Mara nane tu leo."

"Pole, mpenzi. Kesho vaa shati lile la buluu, litakukinga."

Mambo yakawa mazuri hadi ilipokaribia harusi ya mdogo wake Mdarizi. Gauni la bibi harusi lilikuwa tayari, limebaki pindo tu, na pindo lilingoja ua la mama. Marehemu mama yao alilichora kwa penseli mwaka wake wa mwisho, na Mdarizi akatumia miezi mingi kuliingiza kwenye kompyuta, mshono kwa mshono. Karatasi yenyewe iliharibiwa na maji paa lilipovuja. Ua lilibaki mle kwenye kompyuta, basi. Mdogo wake alishasema hatatoka nyumbani bila mama yake kwenye gauni.

Jumanne, Mdarizi alirudi kutoka kununua nyuzi akamkuta shangazi anachekelea. "Mwenzako kapita. Kakuwekea zawadi kwenye kompyuta, kasema nisikuambie."

Mdarizi akawasha kompyuta. Paka akampungia mkono.

"Mungu wangu," akasema.

Akafungua ua la mama. Likatokea, zuri, linang'aa. Akalituma kwenye mashine. Mashine ikalia mara moja na kuandika: faili halitambuliki. Akajaribu tena. Halitambuliki. Lile toleo jipya lilikuwa limeyageuza maua yake yote kuwa kitu ambacho mashine yake haikijui. Na chini ya kioo kulikuwa na stakabadhi: Umehudumiwa na mhudumu namba tisa. Asante kwa kumsaidia kufikia lengo lake la mwezi.

Simu iliita, na mpigaji ndiye huyo huyo namba tisa.

"Fundi wangu! Umeiona zawadi?"

"Mwezi huu mimi nilikuwa mteja wako wa ngapi?"

"Ala! Mbona hivyo? Lile la zamani wanataka kuacha kulihudumia, nikaona nikuwahi..."

"Ulisema nisinunue! Kwa mdomo wako huo huo!"

"Hukununua, nimenunua mimi. Nisikilize, mpenzi, kwenye kopo la..."

Akamkatia simu. Ikaita tena, akaikata. Siku mbili nzima iliita, naye akaikata mara thelathini na moja, huku mdogo wake anamlilia upande wa pili wa meza. "Dada, nitaolewa na gauni tupu?"

Alhamisi akalitundika gauni mkononi, akaenda dukani, akaipita foleni yote. Watu wakaguna.

"Namba tisa!" akaita. "Toa paka wako, unirudishie mama yangu!"

Duka zima likageuka kumtazama.

"Zawadi ni kitu mtu anachokitaka," akaendelea. "Mimi nilitaka kile kile kilichokuwa kinafanya kazi! Nilikuamini, ukanifanya lengo la mwezi."

"Ilihesabiwa kwenye lengo, kweli," mhudumu akasema. "Nililijua hilo, nikafurahi. Sikudanganyi. Lakini nililipa kwa mshahara wangu, na nilikuwa nakuogopea. Kosa langu ni kwamba sikukuuliza."

"Hata sisi hatukuulizwa!" mzee mmoja mpiga picha akapaza sauti. "Mimi nimelipia mara tatu, na picha zangu ni zile zile!"

Mhudumu akamtazama meneja, akashusha pumzi, kisha akavuta droo ya chini kabisa. "Kuna fomu. Anayetaka kurudishiwa toleo la zamani anajaza, anarudishiwa bure. Tumeambiwa tusiitoe mpaka mteja aitaje."

Foleni ikavunjika. Watu wakaigombea ile droo, meneja akipiga kelele nyuma yao. Katikati ya vurugu Mdarizi akaulizia lililomuuma.

"Programu nitarudishiwa. Na ua? Lishageuzwa."

"Nilinakili kila kitu kabla sijagusa chochote. Flashi ipo ndani ya kopo lako la vifungo. Nimekupigia mara thelathini na moja nikuambie!"

Mdarizi akafumba macho. Shangazi alikuwa ameshinda na lile kopo mapajani siku mbili. "Kwa nini hukuandika ujumbe?"

"Ulinizuia hadi ujumbe, fundi wangu."

Hakujua acheke au amtandike na gauni. Akacheka, machozi yakamtoka hapo hapo.

Jumamosi bibi harusi alitoka na ua la mama pindo zima, na shangazi akalia kuliko wote. Mhudumu alikuwa amevaa shati la saba. Meneja alikuwa amempa barua ya onyo na kumhamishia chumba cha matengenezo, ambako hakuna lengo la mwezi. Mhudumu alimkuta Mdarizi mlangoni, anakata uzi uliochomoza kwenye gauni.

"Fundi wangu, nina jambo. Nilikuwa nimeshapanga kupeleka watu kwenu wiki ijayo, iwe ghafla, ufurahi..."

Mdarizi akamtolea macho.

"...nikaona bora nikuulize kwanza," akamalizia haraka. "Nije kukuposa?"

Mdarizi akamshika tai, akaikaza taratibu mpaka ikakaa sawa.

"Njoo," akasema. "Na hivi hivi ulivyo. Usiniletee toleo jipya."